Plagini za SEO kwenye WordPress: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya kuhusu plagini za SEO (zinazosaidia blogu ionekane kwenye matokeo ya utafutaji) ni kwa mwenye blogu ya WordPress iliyofungwa kwenye hosti anayoilipia mwenyewe. Majina ya menyu yameachwa kwa Kiingereza kwa sababu dashibodi za wengi wetu ndivyo zinavyosomeka.

Plagini ya SEO inafanya kazi gani hasa?

Inaandika mistari michache ndani ya <head> ya kila ukurasa, mahali ambapo msomaji haoni lakini roboti ya Google inasoma: kichwa cha ukurasa, maelezo mafupi, anwani rasmi ya ukurasa (rel="canonical"), amri ya kuruhusu au kukataza ukurasa usiingie kwenye faharasa (orodha ya kurasa ambazo Google inaweza kuzionyesha), na alama za skima (zinazoieleza Google ukurasa ni wa kitu gani, mfano makala au mapishi). Inatengeneza pia ramani ya tovuti (orodha ya anwani za kurasa zako kwa ajili ya roboti), na unapoandika inakupa taa, nyekundu hadi kijani, au alama za kuipima makala. Basi. Haiandiki makala, haikuletei viungo kutoka tovuti nyingine, wala haina mlango wa uani wa kuingilia Google.

Sehemu ya kazi hizo WordPress inazifanya yenyewe. Tangu toleo la 5.5 la Agosti 2020 ina ramani yake ya tovuti kwenye /wp-sitemap.xml, na makala zake zinatoka na rel="canonical" hata bila plagini. Unachopata kwa kuongeza plagini ni usukani: uamue kipi kionekane Google na kipi kisionekane.

Kwa hiyo nikiiweka leo, kesho nitapanda?

Hapana. Blogu inayopanda wiki chache baada ya kuwekewa plagini kwa kawaida ni ile iliyokuwa na kosa, kwa mfano kurasa mia tatu za tagi zisizo na kitu au amri ya kukataza iliyosahaulika, na plagini ikasaidia kulirekebisha. Kama hakukuwa na kosa, usitegemee kuona tofauti kubwa.

Blogu yangu iko Blogger. Je, WordPress.com ya bure?

Blogger haina plagini kabisa. Ina mipangilio yake ya maelezo ya utafutaji, robots.txt (faili inayoiambia roboti isiingie wapi) na uelekezaji, na inatosha kwa mambo ya msingi. Mpango wa bure wa WordPress.com nao hauruhusu kupakia plagini. Ukiona tangazo la “plagini ya SEO ya Blogger”, ujue unauziwa kipande cha msimbo cha kubandika kwenye themu. Kipande hicho kinaweza kuwa salama, kinaweza pia kuwa na viungo vya siri, na mtu asiyesoma msimbo hatajua.

Nichague ipi: Yoast, Rank Math, All in One SEO au SEOPress?

Yoyote kati ya hizo nne itafanya kazi ya msingi sawasawa. Google haijui wala haijali mistari ile iliandikwa na nani. Tofauti unazoziona kila siku ni hizi:

Yoast SEO ya bure ni tulivu, ina swichi chache, na ni ngumu kuiharibu. Haina sehemu ya uelekezaji wa 301 (kumpeleka anayefungua anwani ya zamani kwenye mpya). Hiyo iko kwenye toleo la kulipia. Rank Math ya bure inatoa vitu vingi zaidi, ukiwemo uelekezaji na kumbukumbu ya makosa ya 404 (ukurasa haupatikani), lakini ndiyo hiyo hiyo inayowapoteza wanaoanza, maana ina moduli nyingi na kila moja ina ukurasa wake wa mipangilio. Ukiichagua, zima kila moduli usiyoijua kazi yake. All in One SEO na SEOPress ziko katikati. Ya pili ina dashibodi isiyokusumbua sana kwa matangazo.

Ushauri wetu kwa blogu ya mtu mmoja: Yoast ya bure, pamoja na plagini ndogo ya bure iitwayo Redirection kwa ajili ya 301. Kama tayari unatumia nyingine na haina tatizo, kaa nayo. Kuhama kuna hatari zake, tumezieleza chini.

Naweza kuweka mbili kwa pamoja ili nipate mazuri ya zote?

Mafahali wawili hawakai zizi moja. Kila moja itaandika maelezo yake na rel="canonical" yake. Zikitofautiana, Google inaweza kuzipuuza zote na kujichagulia anwani inayoona inafaa.

Kuhakiki ni rahisi. Fungua makala kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl+U uone msimbo, kisha Ctrl+F utafute neno canonical. Lionekane mara moja tu kwenye <head>. Rudia kwa name="description". Ukikuta mara mbili na una plagini moja tu, mtuhumiwa wa pili ni themu: themu kadhaa zina sehemu yao ya SEO, na hiyo ndiyo ya kuzima.

Nimeshaifunga. Nianze na mipangilio gani?

Kabla ya yote, chukua nakala rudufu ya faili na ya hifadhidata. Kisha fuata mpangilio huu, ambao unachukua kama nusu saa:

1. Settings → Permalinks. Chagua “Post name” kama blogu ni mpya. Kama ina makala tayari zilizoingia Google, usiguse hapa bila mpango wa kuelekeza anwani za zamani.

2. Settings → Reading. Hakikisha kisanduku cha “Discourage search engines from indexing this site” hakina alama ya tiki. Mafundi wengi hukiwekea tiki wakati wa kujenga tovuti, na siku ya kukabidhi wanasahau.

3. Kurasa za picha. WordPress ilikuwa inatengeneza ukurasa mzima kwa kila picha unayopakia, ukurasa wenye picha tu bila neno. Tangu toleo la 6.4 la Novemba 2023 tovuti mpya hazina tena kurasa hizi, lakini blogu ya zamani bado inazo. Kwenye Yoast tafuta Media pages chini ya Advanced, uzizime, na anwani hizo zitaelekezwa kwenye picha yenyewe.

4. Kurasa za mwandishi. Mwandishi ukiwa peke yako, ukurasa wako wa mwandishi ni nakala ya ukurasa wa mbele. Uzime. Kurasa za tarehe (makala zote za Machi, makala zote za Aprili) zizime pia. Hakuna anayetafuta hivyo.

5. Tagi. Kama hujazitumia kwa mpango, ziwekee noindex (amri ya kukataza zisiingie kwenye faharasa). Kategoria ziache zionekane, na kila moja iandikie aya mbili za utangulizi.

6. Sajili blogu kwenye Google Search Console (zana ya Google inayokuonyesha jinsi inavyoiona tovuti yako), kisha upeleke ramani ya tovuti. Yoast na Rank Math zote zinaiita sitemap_index.xml, All in One SEO inaiita sitemap.xml.

Baada ya hapo futa kashe (nakala za kurasa zilizohifadhiwa ili zifunguke haraka), kama unayo, la sivyo utaangalia ukurasa wa jana na kudhani mipangilio imekataa.

Taa zote ni za kijani lakini makala haipo Google. Kwa nini?

Taa haina uhusiano wowote na kuingia kwenye faharasa. Bandika anwani ya makala kwenye kisanduku cha juu cha Search Console usome sababu yenyewe.

Ikisema ukurasa umekatazwa na noindex, angalia kisanduku cha Reading, kisha sehemu ya Advanced chini ya makala hiyo kwenye plagini. Ikisema umezuiwa na robots.txt, kuna mstari wa Disallow uliovuka mpaka. Hapa watu hujifunga wenyewe. Wanataka kuondoa kurasa fulani Google, wanaziwekea noindex na wakati huohuo wanazizuia kwa robots.txt. Roboti iliyozuiwa mlangoni haiwezi kuingia kusoma noindex, kwa hiyo anwani inaweza kubaki kwenye matokeo kwa muda mrefu. Chagua moja: ukitaka ukurasa utoke, weka noindex na uache mlango wazi.

Ikisema “Crawled – currently not indexed”, Google imeusoma ukurasa na kuamua kutouweka. Hapo hakuna swichi ya kubonyeza. Linganisha makala yako na tatu za juu kwa swali lilelile, uone wana nini ambacho wewe huna. “Discovered – currently not indexed” ni tofauti: anwani inajulikana lakini haijatembelewa. Kwa blogu changa, viungo vitatu au vinne kutoka makala zako nyingine zinazotembelewa husaidia kuliko kuipeleka ramani upya kila asubuhi.

Ramani ya tovuti inaleta 404, au inaandika “XML declaration allowed only at the start of the document”.

Kwa 404: nenda Settings → Permalinks, usibadilishe kitu, bonyeza Save. WordPress itaandika upya kanuni za anwani na mara nyingi tatizo linaisha hapo.

Hilo la pili lina maana kwamba kuna nafasi au mstari mtupu unaotoka kabla ya ramani. Chanzo cha kawaida ni mstari mtupu mwanzoni mwa functions.php ya themu, kabla ya <?php, au mwishoni baada ya ?>. Mtu alibandika msimbo aliouona YouTube akaacha mstari. Ufute. Kama hujawahi kugusa faili hiyo, zima plagini nyingine moja baada ya nyingine huku ukiifungua ramani upya.

Ramani ikionyesha makala za zamani tu, plagini ya kashe imeihifadhi. Ongeza sitemap kwenye orodha ya anwani zisizowekwa kashe.

Usihangaike na thamani za priority na changefreq, Google inazipuuza. Tarehe ya lastmod ndiyo inayotazamwa, ilimradi iwe ya kweli.

Naandika kwa Kiswahili na taa hazitaki kuwa kijani. Nikazane mpaka zikubali?

Usikazane. Vipimo hivyo havikutengenezwa kwa lugha yetu, na ukivifuata utaharibu makala nzuri.

Anza na neno kuu. Plagini inatafuta maneno uliyoyaandika kama yalivyo. Ukiweka “ufugaji wa kuku wa kienyeji”, halafu ndani ukaandika “ukifuga kuku wa kienyeji”, “wafugaji wengi”, “kuku waliofugwa nje”, Mswahili yeyote anaona mada ni moja. Kwa lugha ambazo Yoast inazimudu, kama Kiingereza na Kijerumani, inaelewa maumbo tofauti ya neno moja. Kiswahili hakimo. Itahesabu sifuri na kuwasha nyekundu, nawe utaanza kupachika “ufugaji wa kuku wa kienyeji” kila aya mpaka msomaji akereke. Weka maneno hayo kamili kwenye kichwa, kwenye aya ya kwanza na kwenye kichwa kidogo kimoja, kisha andika kama unavyoongea.

Halafu kuna usomekaji. Lugha ya tovuti ikiwa imewekwa Kiingereza, kama ilivyo kwa blogu nyingi za Kiswahili, plagini inakupima kwa kanuni za Kiingereza. Kanuni ya Flesch inatoa alama kwa kuangalia idadi ya maneno kwenye sentensi na idadi ya silabi kwenye neno: 206.835, toa 1.015 mara maneno kwa sentensi, toa 84.6 mara silabi kwa neno. Chukua “Mama anapika chakula jikoni”. Maneno manne, silabi kumi na mbili, yaani silabi tatu kwa neno. Hesabu inatoka −51, kwenye kipimo ambacho sifuri ni maandishi magumu kupindukia. Sentensi ya mtoto wa darasa la kwanza! Kiswahili kinabeba nafsi, wakati na mtendwa ndani ya neno moja, kwa hiyo silabi zinakuwa nyingi na ugumu haupo.

Kipimo cha maneno ya kuunganisha nacho kinatafuta “however” na “therefore”. “Hata hivyo” na “kwa hiyo” havioni.

Nenda Settings → General, na kama Kiswahili kipo kwenye orodha ya lugha, kichague. Vipimo vya Kiingereza vitaacha kukusumbua, na ukurasa utatoka na lang="sw", jambo linalosaidia vivinjari na programu za kuwasomea wasioona. Google yenyewe inatambua lugha kwa kusoma maandishi, si kwa alama hiyo. Ukitaka dashibodi yako ibaki Kiingereza, badilisha lugha ya mtumiaji kwenye Users → Profile. Njia nyingine ni kuzima kabisa kipimo cha usomekaji, na wala hutakikosa.

Lakini Rank Math inataka maneno 2,500 ili inipe alama kamili.

Hiyo ni alama ya Rank Math. Yoast inaridhika na maneno 300. Google imesema mara kadhaa kwamba haina idadi ya maneno inayoipendelea. Makala ya “namna ya kuangalia salio” ikiwa na maneno 2,500, msomaji ataikimbia kabla hajafika kwenye salio.

Kichwa na maelezo mafupi viwe na urefu gani?

Kichwa: herufi 50 hadi 60. Kikizidi hapo Google hukikata mwishoni, kwa hiyo neno la maana liwe mwanzo na jina la blogu liwe mwisho. Maelezo mafupi: herufi 150 hivi. Maelezo hayapandishi nafasi. Kazi yake ni kumshawishi mtu abonyeze, na Google mara nyingi huyaweka kando na kuchota sentensi nyingine ndani ya makala. Ndiyo maana si lazima kuyaandika kwa makala zote mia mbili. Andika kwa zile ishirini zinazoonekana sana kwenye ripoti ya Search Console lakini hazibonyezwi.

Kile kisanduku cha meta keywords, kama plagini yako bado inacho, kiache kitupu. Google ilitangaza Septemba 2009 kwamba haikitumii.

Anwani ya makala niiandikeje? Vipi kuhusu maneno kama ng'ombe?

WordPress hufuta ritifaa yenyewe, kwa hiyo ng'ombe inakuwa ngombe kwenye anwani. Hakuna tatizo, kwenye kichwa na ndani ya makala andika kwa usahihi. Fupisha anwani ibaki na maneno matatu hadi matano: /chanjo-ya-ngombe/ inatosha, huhitaji kichwa kizima. Usiweke mwaka kwenye anwani kama utakuwa unaihuisha makala kila mwaka. Na ikishaingia Google, usiibadilishe kwa sababu tu plagini imesema neno kuu halimo.

Nimebadilisha anwani, watu wanakutana na 404. Nifanyeje?

Ukibadilisha anwani ya makala moja, WordPress hukumbuka ya zamani na kuelekeza yenyewe. Ukifuta makala, ukibadilisha mpangilio wote wa anwani au ukihamia jina jipya la tovuti, usitegemee kumbukumbu hiyo. Fungua plagini ya Redirection, weka anwani ya zamani na mpya, chagua 301. Elekeza kwenye makala inayofanana kweli. Kuelekeza kila kitu kwenye ukurasa wa mbele hakusaidii, Google huzihesabu kama 404 zilizovaa nguo nyingine. Kama hakuna inayofanana, iache 404 ibaki 404.

Epuka minyororo: A kwenda B, B kwenda C. Rekebisha A iende C moja kwa moja.

Skima ya maswali na majibu itanipa nafasi kubwa zaidi kwenye matokeo?

Ilikuwa hivyo zamani. Agosti 2023 Google ilibakiza onyesho hilo kwa tovuti zinazotambulika za serikali na za afya, na lile la hatua kwa hatua likaondolewa katika miezi hiyohiyo. Kwa blogu ya kawaida, skima ya makala inayowekwa na plagini yenyewe inatosha. Mapishi, bidhaa na matukio bado vina maonyesho yake, ila usiweke skima ya kitu ambacho msomaji hakioni ukurasani. Nyota tano za maoni yasiyokuwepo zinaweza kukuletea adhabu.

Plagini za kasi zinasaidia nafasi?

Kidogo kwenye nafasi, sana kwa msomaji, hasa anayesoma kwa bando la siku kwenye simu ya bei nafuu. Google inaangalia vipimo vitatu: LCP, muda wa kitu kikubwa cha ukurasa kuonekana, usizidi sekunde 2.5; INP, muda wa ukurasa kuitikia ukibonyezwa, usizidi milisekunde 200, nacho kilichukua nafasi ya kipimo cha zamani cha FID Machi 2024; na CLS, kurukaruka kwa ukurasa, kusizidi 0.1. Vinapimwa kwa wageni halisi wa siku 28 zilizopita, kwa hiyo marekebisho ya leo hayataonekana kwenye ripoti kesho.

Anza na picha, si na plagini. Picha ya simu ina upana wa pikseli 4,000 na uzito wa megabaiti tatu hadi tano. WordPress huipunguza hadi 2,560, bado ni kubwa mno. Ipunguze mwenyewe hadi upana wa 1,200 kabla ya kupakia, iwe WebP (aina nyepesi ya faili ya picha), lenga chini ya kilobaiti 150. Blogu nyingi zinapona hapo hapo.

Kisha kashe, na iwe moja. Plagini za kashe ya kurasa hugombania faili ileile, advanced-cache.php, ambayo ni moja tu kwa kila tovuti. LiteSpeed Cache ni nzuri sana kama seva ya hosti yako ni LiteSpeed; kwenye Apache au Nginx kashe yake ya kurasa haifanyi kazi, na wengi wanaitumia miezi bila kujua. Uliza hosti kwanza. Kama si LiteSpeed, WP Super Cache inatosha.

Washa kitu kimoja kwa wakati. Siku ya kwanza kashe ya kurasa tu. Kesho yake kupunguza CSS. Kuunganisha na kuchelewesha JavaScript kuwe mwisho, maana ndiko kunakoua menyu ya simu, fomu ya mawasiliano na takwimu za wageni. Kila hatua fungua blogu kwa dirisha la siri, kwa simu, ubonyeze kila kitu. Kama unapokea malipo ya M-Pesa au kadi, ukurasa wa malipo usiwekwe kwenye kashe kabisa.

Kosa moja dogo lenye madhara: kuchelewesha picha ya kwanza. WordPress inachelewesha picha za chini yenyewe tangu 5.5, na matoleo ya baadaye yanajua kuiacha ile ya juu. Plagini ya ziada inaweza kuja na kuichelewesha hiyo ya juu pia, na LCP inapanda badala ya kushuka. Tafuta sehemu ya kutenga picha ya kwanza, au zima kipengele hicho kizima.

Nimewasha plagini, tovuti imekuwa nyeupe. Nimeipoteza?

Hapana. Angalia kwanza baruapepe ya msimamizi. Tangu toleo la 5.2 WordPress hutuma kiungo cha kuingilia kwa hali ya uokoaji. Kisipofika, ingia cPanel (dashibodi ya hosti), File Manager, folda ya wp-content/plugins, ubadilishe jina la folda ya plagini husika. Ya Yoast inaitwa wordpress-seo, ya Rank Math seo-by-rank-math, ya All in One SEO all-in-one-seo-pack. Ongeza neno lolote mwishoni na plagini itazimika.

Sababu mbili ndizo za kawaida. PHP ya zamani: ibadilishe kwenye cPanel. Au kumbukumbu kuisha, ambapo faili ya error_log itakuwa na maneno “Allowed memory size”. Ongeza define('WP_MEMORY_LIMIT', '256M'); kwenye wp-config.php, juu ya mstari unaosema usiendelee kuhariri. Hosti ikiwa imeweka kikomo chake cha chini, mstari huo hautafua dafu. Itabidi uwaombe au uhame kifurushi.

Kama iliyoharibu ni plagini ya kashe, kubadilisha jina la folda pekee hakutoshi. Futa pia wp-content/advanced-cache.php na mstari wa WP_CACHE kwenye wp-config.php.

Nataka kuhama kutoka Yoast kwenda Rank Math. Nitapoteza vichwa nilivyoandika?

Utavipoteza usipovihamisha. Kila plagini huhifadhi kwa jina lake kwenye hifadhidata: _yoast_wpseo_title kwa moja, rank_math_title kwa nyingine. Chukua nakala rudufu, funga Rank Math, na kwenye hatua za mwanzo ikubalie kuingiza data za Yoast. Zima Yoast lakini usiifute. Kagua makala tano kwa Ctrl+U: kichwa, maelezo, canonical. Ukiona alama kama %%sitename%% zimeandikwa wazi kwenye kichwa, kuna sehemu haikugeuzwa, kwa sababu Yoast hutumia alama mbili za asilimia na Rank Math moja. Rudia mipangilio ya kurasa za picha, mwandishi na tagi kwa mkono. Subiri wiki mbili, angalia Search Console, ndipo ufute Yoast.

Blogu yangu ina Kiswahili na Kiingereza.

Tumia Polylang au WPML, kila lugha iwe na anwani yake, mfano /sw/ na /en/. Plagini itaandika hreflang (alama zinazoonyesha ukurasa huo kwa lugha nyingine uko wapi). Hakikisha zinarudiana, yaani ukurasa wa Kiswahili uutaje wa Kiingereza na wa Kiingereza uutaje wa Kiswahili, la sivyo Google inazipuuza. Tumia sw tu. Kutenganisha sw-TZ na sw-KE kuna maana pale tu ambapo kurasa zinatofautiana kweli, labda kwa bei ya shilingi ya kila nchi. Plagini zinazotafsiri makala zote kwa mashine na kuziachia Google bila mtu kuzipitia, ziepuke.

Kuna plagini zinazodai makala itaingia Google papo hapo.

Nyingi zinatumia IndexNow, njia ya kuziarifu injini za utafutaji kuhusu ukurasa mpya, ambayo Bing na Yandex wanaisikiliza na Google hayumo. Zingine zinatumia API (njia ya programu kuwasiliana) ya Google iliyokusudiwa matangazo ya kazi na matangazo mubashara ya video tu. Kuitumia kwa makala za kawaida ni kwenda kinyume na masharti yake. Kwa makala ya haraka, tumia “Request indexing” ndani ya Search Console.

Nimepata Yoast Premium bure kwenye kundi la Telegram.

Iache. Nakala za namna hiyo mara nyingi huja na msimbo wa kupandikiza viungo vya kamari au kuwaelekeza wageni wanaotoka Google peke yao kwenye tovuti nyingine. Wewe ukiandika anwani moja kwa moja unaiona blogu yako salama, ndiyo maana inachukua miezi kugundua. Kama uliwahi kuifunga, kuifuta plagini hakutoshi: tafuta watumiaji wapya wenye cheo cha msimamizi, badilisha nywila zote, na andika site: ikifuatiwa na jina la tovuti yako kwenye Google uone kama kuna kurasa usizozijua.

Plagini ngapi ni nyingi mno?

Idadi haisemi kitu. Plagini moja ya takwimu inayoandika kwenye hifadhidata kila mgeni anapofungua ukurasa ni nzito kuliko kumi ndogo. Zile zinazokagua viungo vilivyokatika usiku na mchana ndani ya seva, kwenye hosti ya kushirikiana zinaweza kukufanya usimamishwe. Ziwashe mara moja kwa mwezi, kisha uzizime. Iliyozimwa na hutaitumia tena, ifute, kwa sababu faili zake bado zinaweza kuwa na tundu la kuingilia.

Nitajuaje kama mabadiliko yamesaidia?

Andika tarehe uliyobadilisha. Kwenye Search Console, sehemu ya Performance, linganisha siku 28 kabla na siku 28 baada, kwa ukurasa huo mmoja, si kwa tovuti nzima. Tazama idadi ya kuonekana kwanza, kisha mibonyezo. Ripoti hiyo inahifadhi miezi 16, hivyo kama unaandika kuhusu Ramadhani, matokeo ya kidato cha nne au msimu wa mvua za masika, linganisha na kipindi kilekile cha mwaka jana badala ya mwezi uliopita.